Jicho la mwenye usonji ni mtaji, waajiri wanaupoteza

KISIWA cha Shungimbili, kilicho kati ya Mafia na bara, kina ukubwa wa hekta 8 hivi. Mtu anaweza kukizunguka kwa miguu na kurudi kabla chai yake haijapoa. Tangu 2007 ni eneo tengefu la bahari, pamoja na Nyororo na Mbarakuni, na tangu 2016 kina hoteli ya kifahari, Thanda, ambayo hukodishwa yote kwa kundi moja la wageni kwa wakati mmoja.

Moja ya mambo yanayowavuta wageni hao ni potwe, papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, ambaye hata hivyo hula uduvi. Huonekana zaidi upande wa Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, mara nyingi palepale wavuvi wanapotega dagaa. Kila potwe ana madoa yake meupe mgongoni na ubavuni, na hakuna wawili wanaofanana, kama ilivyo kwa alama za vidole vya binadamu.

Madoa hayo yamezaa kazi. Mwaka 2005 mtaalamu wa programu za kompyuta, Jason Holmberg, mtaalamu wa mambo ya anga, Zaven Arzoumanian, na mtafiti wa potwe, Brad Norman, walichapisha njia ya kuwatambua samaki hao kwa kutumia hesabu iliyobuniwa kulinganisha nyota. Mtalii anapiga picha ya ubavu, nyuma kidogo ya mashavu, kisha anaituma kwa intaneti kutoka popote alipo. Kompyuta inapendekeza potwe wanaofanana naye. Kwa miaka mingi mtu ndiye aliyetia alama kwenye kila doa, na jicho la mtu ndilo lililothibitisha kwamba huyu ndiye yule wa msimu uliopita.

Kukaa na picha mia moja za mbavu zinazoelekea kufanana, ukitafuta doa moja lililokaa kando, si kazi ya kila mtu. Wengi huchoka baada ya nusu saa. Lakini wapo watu ambao utulivu wao huanzia hapo, na miongoni mwao ni baadhi ya wenye usonji.

Usonji si ugonjwa wa kuambukiza wala si matokeo ya malezi mabaya. Ni namna tofauti ya ubongo kupokea sauti, mwanga, maneno na watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Kwa hesabu hiyo, wilaya yenye watu 66,000 kama Mafia ingekuwa na zaidi ya watu 500. Katika visiwa vyetu na bara pia, wengi hukua wakiitwa wajeuri, wazito au waliorogwa, na wengine hufungiwa ndani wageni wanapofika.

Msomaji mfugaji huenda anamfahamu mmoja wa wenye usonji bila kujua. Temple Grandin, aliyezaliwa Boston, Marekani, mwaka 1947, hakuanza kuzungumza hadi alipokaribia miaka minne. Leo ni profesa wa sayansi ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, na karibu nusu ya ng'ombe wa Marekani ya Kaskazini hupitia machinjioni katika mitambo aliyoisanifu.

Alichofanya kilikuwa rahisi na cha ajabu kwa pamoja. Katika miaka ya 1970, ng'ombe walipogoma kuingia kwenye josho na wachungaji wakaanza kuwapiga, yeye aliinama akapita mwenyewe katika njia ile ya ng'ombe. Akaona wanachokiona: kivuli kimekata sakafu, mnyororo unaning'inia, koti la mtu limetundikwa kwenye ua. Akaviondoa, ng'ombe wakapita. Baadaye akachora njia za kupinda zenye kuta zisizopenyeza mwanga, kwa kuwa ng'ombe hupenda kuzunguka kurudi walikotoka. Mfugaji anayehangaika na fimbo kwenye josho la kijiji anaweza kuanza na hilo kesho asubuhi, na halimgharimu hata shilingi.

Grandin mwenyewe husema yeye hufikiri kwa picha, si kwa maneno. Anaongeza kwamba wapo wengine wenye usonji wanaofikiri kwa mpangilio wa namba, ambao hufaa katika hesabu, muziki na kompyuta, na wengine wanaofikiri kwa maneno na kukumbuka takwimu. Ndiyo maana amekuwa akiwahimiza wazazi wakuze kile mtoto anachokiweza, badala ya kutumia miaka yote kupambana na asichokiweza.

Kompyuta zimesaidia kwa njia nyingine pia. Kwa mtu anayeumia kwa kelele na asiyejua aangalie wapi anapoongea na mwenzake, kuandika ni nafuu kubwa: anasoma mara tatu, anafikiri, ndipo anajibu. Intaneti ilipoenea katika miaka ya 1990, wenye usonji wa nchi mbalimbali walikutana kwa maandishi, wengi wao kwa mara ya kwanza maishani. Mholanzi Martijn Dekker, mwenye usonji, alianzisha kundi la namna hiyo mwaka 1996. Katika mazungumzo ya aina hiyo ndipo ilipokomaa hoja kwamba akili za watu hutofautiana kama miti ya msitu mmoja.

Huko Denmark, Thorkil Sonne, mzazi wa mtoto mwenye usonji, aliweka nyumba yake rehani na kufungua kampuni ya Specialisterne mwaka 2004. Wafanyakazi wake wenye usonji hukagua programu za kompyuta na kutafuta makosa ambayo wengine huyapita. Badala ya usaili aliwapa matofali ya kuchezea ya Lego waunde roboti, kisha akatazama wanavyofanya kazi. Nembo ya kampuni ni ua ambalo bustanini ni gugu na jikoni ni mboga. Watu wa Pwani wangesema mchunga: mmoja anaung'oa shambani, mwingine anauchemsha kwa nazi.

Si kila mwenye usonji ni hodari wa kompyuta. Wapo wasiozungumza kabisa na watakaohitaji msaada maisha yao yote. Hata makampuni makubwa yamejikwaa. SAP ya Ujerumani ilitangaza mwaka 2013 kwamba ifikapo 2020 asilimia 1 ya wafanyakazi wake wangekuwa wenye usonji, na haikufika huko.

Tanzania ina sheria. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe angalau asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Waajiri wengi wakisikia hivyo hufikiria kiti cha magurudumu na ngazi. Mwenye usonji anaishia mlangoni, kwa sababu usaili wenyewe humpima kwa kumtazama usoni na kucheka panapostahili, mambo ambayo ni magumu kwake na ambayo kazi ya kutunza stoo au kupanga picha haiyahitaji.

Gharama ya kurekebisha hilo ni ndogo: maelekezo kwa maandishi badala ya kupigiana kelele, meza mbali na jenereta, ratiba isiyobadilishwa ghafla, na wiki mbili za kujaribu kazi badala ya dakika 20 za maswali. Kwa atakayetaka kujiajiri, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, ambapo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa 2024. Mzazi anayetaka kuiulizia aanzie kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata, na aende na kijana mwenyewe.