Nani Aliyetia Sahihi?

Maji yanywewayo katika nyumba nyingi za Kampala, kambi za askari zikiwamo, hutekwa Ggaba, katika ghuba ya Murchison ya ziwa Victoria. Na humo humo ndimo mfereji wa Nakivubo umwagamo maji machafu ya mji, baada ya kupita kwenye kinamasi kiyachujacho. Basi atakaye kujenga kiwanda kando ya kinamasi kama hicho huandikiwa kwanza taarifa ya madhara yake. Na mama wa nyumbani ana haki ya kuuliza: ni nani aliyeiandika?

Kanuni za Uganda za mwaka 2003 zilijibu. Shahada peke yake haitoshi. Mtaalamu wa mazingira hana budi kupimwa elimu na uzoefu wake na kamati maalumu, chini ya Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, ndipo apewe cheti. Nacho hakidumu milele: hufanywa upya, na mdanganyifu aweza kunyang'anywa. (Askari hawatashangaa, sare ya kuazima haimfanyi mtu kuwa polisi.) Sheria mpya ya mazingira ya mwaka 2019 haikuiacha kamati hiyo. Mwenye shaka na taarifa yo yote na aanze kwa kulitafuta jina la mwandishi wake katika orodha ya wenye vyeti.