Feni ya Pwani Haivumi Vilevile Nyamira

Saa kumi na moja alfajiri, katika kiwanda kimoja cha chai cha nyanda za juu, nilitia mkono kwenye majani yaliyokuwa yamelala usiku kucha juu ya wavu wa kunyaushia. Karibu na feni yalikuwa laini kama kitambaa. Ukiyafumbata yanabaki vile ulivyoyafumbata. Nilipofika mwisho wa kitanda, kama hatua ishirini mbele, yalikuwa bado yanavunjika kwa mlio, na ya chini kabisa yalikuwa na joto. Baadhi yalishaanza kuwa mekundu. Majani ya namna hiyo hayarudi nyuma. Utayasaga, utayachachusha na kuyakausha, lakini mwonjaji atakujua.

Feni ilikuwa mpya. Ilipokelewa siku tisa kabla, fomu ikatiwa saini. Siku ile kitanda kilikuwa kitupu, na upepo uliinua leso ya mtu hadi juu. Ampia zilisoma chini ya zile zilizoandikwa kwenye kibao cha mota. Mzee mmoja wa bodi aliniambia kwa furaha, "Injinia, hii inapuliza vizuri na inakula stima kidogo." Yote mawili yalikuwa kweli. Ila hakuna aliyeuliza kama feni ile ilikuwa na nguvu ya kusukuma hewa kupita katikati ya majani mabichi, tena kwa hewa ya huku kwetu.

Viwanda vya wakulima wadogo vimetapakaa Nyamira na Kisii: Kebirigo, Sanganyi, Tombe, Nyansiongo na Gianchore upande mmoja, Kiamokama, Nyamache, Ogembo, Eberege na Itumbe upande mwingine. Vinasimamiwa na KTDA, wakala wa maendeleo ya chai nchini Kenya, iliyoanza mwaka 1964 kama mamlaka ya serikali na kuwa kampuni mwaka 2000, na wenye hisa ni wakulima wenyewe. Kwa hiyo feni mbovu hailipiwi na tajiri wa mbali. Inalipiwa na mama anayechuma majani mawili na kichipukizi, akayabeba mgongoni hadi kituoni, kisha akangoja bonasi.

Kazi ya feni ya kunyaushia ni kubeba maji. Chukua kilo 1,000 za majani mabichi ambayo asilimia 78 ya uzito wake ni maji. Ukitaka maji yashuke hadi asilimia 70, lazima uondoe karibu kilo 270 za maji, sawa na pipa kubwa la lita 200 na theluthi yake. Maji hayo hayatoki kwa upepo kuwa mkali. Yanatoka kwa hewa kavu kupita kwa wingi wa kutosha. Kilo moja ya hewa ikipita kwenye majani na kupoa nyuzi mbili na nusu hivi za Selsiasi, huondoka na takribani gramu moja ya maji. Basi kwa kilo 270 za maji unahitaji kilo 270,000 za hewa. Kilo, si mita za ujazo. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Katalogi ya feni huandikwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ambako mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 1.2. Katalogi hiyo ingekuwa kweli tupu kwenye kisiwa cha Songo Songo, pwani ya Tanzania. Nyamira hupanda hadi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na huko mita ile ile ya ujazo, kwa nyuzi 20, ina kilo 0.95 tu. Upungufu ni zaidi ya sehemu moja ya tano. Mji wa Kisii uko chini kidogo, kwenye mita 1,700 hivi, na bado hewa yake ni nyepesi kwa asilimia 18.

Sasa piga hesabu. Kilo 270,000 za hewa kwa saa 14 za kunyausha ni mita za ujazo 16,000 hivi kwa saa ukiwa pwani. Kwenye mita 2,000 ni zaidi ya 20,000. Feni haijui hili. Yenyewe huzungusha ujazo ule ule popote ilipo, kwa mwendo ule ule, na hewa ikiwa nyepesi inabeba kilo chache. Msukumo nao hushuka kwa kiwango hicho hicho: feni inayoweza kusukuma milimita 25 za safu ya maji pwani haifikishi 20 Nyamira. Na umeme unaoliwa hushuka vivyo hivyo. Zile ampia chache zilizomfurahisha mzee wetu zilikuwa dalili ya kazi isiyofanyika.

Mbaya zaidi ni dawa iliyofuata. Fundi alibadilisha puli ili feni ikimbie zaidi kwa asilimia 20. Namwelewa; majani yalikuwa yanaharibika na lori zilikuwa zinaendelea kuingia. Lakini feni ina kanuni yake: ujazo wa hewa hupanda sawa na mwendo, msukumo hupanda kwa mraba wa mwendo, na umeme kwa mchemraba. Asilimia 20 ya mwendo ni asilimia 73 ya umeme wa ziada. Mota iliyokuwa ikibeba sehemu 79 kati ya 100 ikajikuta na 136. Isitoshe, mota za kawaida hupimwa kwa matumizi ya hadi mita 1,000 juu ya bahari, kwa kuwa nazo hupozwa na hewa, na hewa nyepesi haipozi vizuri. Mota hiyo iliungua kabla mwezi haujaisha.

Yote hayo yangezuiwa na mistari michache kwenye zabuni. Mwinuko wa kiwanda kwa mita. Joto la hewa inapoingia. Ujazo wa hewa kwa saa na msukumo, vyote viwili kwa pamoja, vikisemwa wazi kwamba ni kwa uzito wa hewa wa kilo 0.95 na si 1.2. Kina cha majani kitandani. Umeme wa volti 415, hezi 50, kwa sababu feni iliyotengenezwa kwa nchi ya hezi 60 ikifika kwetu huzunguka kwa sehemu tano kati ya sita za mwendo wake, na msukumo wake unabaki asilimia 69. Wanaonunua feni za mitambo ya gesi na mafuta wana kiwango chao, API 673, na muuzaji hawezi hata kutaja bei kabla ya kujibu maswali ya namna hii. Sioni kwa nini mkulima wa Nyamira astahili chini ya hapo.

Siku ya kupokea, tafadhali msipime kitanda kitupu. Kitanda kitupu hakina ukinzani, na kila feni hapo ni shujaa. Jazeni majani hadi kina cha kila siku, na ikiwezekana yawe yameloa, maana ndivyo yatakavyokuja Aprili. Msukumo mnaweza kuupima kwa mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliokunjwa mfano wa herufi U, ndani yake maji yenye rangi: upande mmoja ufike kwenye tundu lililotobolewa ubavuni mwa chumba cha hewa chini ya wavu, mwingine uachwe wazi. Tofauti ya urefu wa maji pande mbili, kwa milimita, ndiyo jibu. Nimeona kifaa hicho cha shilingi mia chache kikimnyamazisha muuzaji aliyekuja na kompyuta.

Upepo upimwe kwa anemometa sehemu nyingi za mdomo wa feni, si pale katikati tu unapovuma zaidi, kisha wastani utafutwe; kiwango cha ISO 5802 kinaeleza namna ya kupima feni ikiwa tayari imefungwa mahali pake. Mwendo upimwe kwa takometa. Ampia zisomwe kwenye nyaya zote tatu. Beringi ziguswe na kupimwa mtetemo baada ya saa kadhaa, si dakika tano. Hayo mafundi wetu wanayajua.

Kinachosahaulika ni kipimo cha mwisho, nacho hakihitaji chombo ila mzani na subira. Pima mfuko mdogo wa wavu uliojaa majani, uuweke mwanzo wa kitanda; mwingine katikati; mwingine mwisho, kwenye kona ya mbali kabisa. Ipime tena baada ya saa 14. Kila mfuko wa kilo moja unapaswa kusoma karibu gramu 730. Ule wa kona ya mbali ukisoma 850, fomu irudishwe mezani bila saini, hata kama gari la muuzaji limeshawashwa.