Mhasibu aliyelikuta shirika likikata roho

Hebu jiweke mahali pake, msomaji. Una miaka 31, una digrii ya biashara ya Chuo Kikuu cha Nairobi na umehitimu uhasibu. Kisha waitwa kusimamia fedha za shirika ambalo Benki Kuu imekwisha kusema limefilisika. Ungekwenda?

James Mwangi alikwenda. Mwaka ulikuwa 1993, na shirika lenyewe ni Equity Building Society, lililoanzishwa 1984 kuwakopesha watu pesa za nyumba. Zaidi ya nusu ya mikopo yake haikuwa ikilipwa. Akiba za wateja ndizo zilizokuwa zikigharimia kazi za kila siku; mweka akiba angalijua hayo, usingizi ungalimpaa.

Shida hakuanza kuiona hapo. Alizaliwa Kangema, Murang'a, 1962, akafiwa na babake akingali mdogo. Mamake aliwalea watoto kwa biashara ndogondogo, nao wakisaidia kuuza makaa na matunda.

Pengine ndiyo sababu alimwona mteja ambaye wengine hawakumtaka. Miaka hiyo ya tisini, benki kubwa zilikuwa zikifunga matawi ya mashambani na kupandisha kiwango cha pesa ambazo lazima zibaki kwenye akaunti. Mama mboga na mkulima wa majani chai wakaachwa nje. Equity iliwafungulia akaunti bila kudai kiwango chochote. Asiye na hatimiliki ya shamba alidhaminiwa na wenzake, na kuna wanawake walioweka rehani kitanda cha ndoa! (Nani angekubali dalali akibebe kitanda hicho mchana, majirani wakitazama?)

Nanyi mnaosomea biashara, jueni kwamba hakuingia akiwa mkuu. Alinyoosha hesabu miaka 11 chini ya wengine, hadi 2004 shirika lilipogeuka benki kamili naye akakabidhiwa usukani. Mwaka 2006 hisa zikaingia Soko la Hisa la Nairobi. Mwaka 2012, mjini Monaco, Ernst & Young wakamtuza kuwa mjasiriamali bora duniani. Wateja nao walifurika, na waliopanga foleni matawini mwisho wa mwezi wanajua miguu ilivyowauma.

Mwaka 2010 benki hiyo na wakfu wa MasterCard zilianzisha mpango wa Wings to Fly, unaowalipia karo ya sekondari watoto werevu wa jamaa maskini, wakiwemo wale wanaouza makaa.