Riwaya Niliyoisikia

Mnamo 2003, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza jijini Nairobi, nilihudhuria kikao ambapo mwandishi mmoja wa riwaya alitusomea sura ya kitabu chake. Jina lake silitaji, maadamu sikumwomba ruhusa. Riwaya yenyewe niliijua. Nilikuwa nimeisoma shule ya upili, nikachambua maudhui na wahusika wake, na kila tashbihi nikaipigia mstari kwa wino mwekundu. Nilikwenda nikidhani sitapata jipya.

Alisoma polepole, kwa sauti ya chini, hata waliokaa nyuma ikawabidi wanyamaze. Alipofikia mazungumzo ya mama mkwe na mkazamwana, ambayo mimi niliyaandikia pambizoni "mgogoro wa kifamilia", ukumbi mzima uliangua kicheko. Mzaha ule ulikuwa kitabuni siku zote, mbele ya macho yangu, nami sikuuona! Ulijificha katika kituo kifupi kabla ya neno la mwisho, na kituo kile hakikuwekewa hata mkato.

Leo nafundisha isimu, na kila nifikapo kwenye mada ya kiimbo hukikumbuka kicheko kile. "Baba amekuja" ni taarifa; ukipandisha sauti ni swali, ilhali maneno ni yale yale. Maandishi yametupa alama ya kuulizia. Kejeli, bezo na woga havikupewa alama. Aghalabu msomaji aachwa avitafute mwenyewe.

Likizo ilipowadia nilirudi nyumbani Wasini. Kwa wasiokijua kisiwa hiki, kiko kusini mwa Kwale, ng'ambo ya Shimoni, karibu na mpaka wa Tanzania. Magari hakuna, na maji ya kunywa tangu jadi yalikuwa ya mvua. Lugha yetu ni Kivumba, lahaja ambayo H. E. Lambert aliichapishia kitabu mnamo 1957. Jioni moja nilimsomea bibi yangu sura ile ile barazani. Bibi hakuingia shule ya serikali, lakini chuoni alihitimu, na maulidi aliyajua kwa moyo. Baada ya kurasa mbili alinikatiza.

"Mwanangu, wasoma kama mtu aliyeona wingu na nguo zake ziko kambani."

Nikaanza upya. Safari hii alicheka pale pale walipocheka wanachuo wa Nairobi. Kisha akaniuliza jambo ambalo hakuna mtahini aliyepata kuniuliza: huyo mama mkwe, mbona tangu asubuhi hakuna aliyemwamkia? Nikapekua kurasa za nyuma. Kweli, hakuna aliyemwamkia.

Wala bibi si kioja. Caitaani Mũtharaba-inĩ ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilipotoka mwaka 1980, watu waliisomeana majumbani, katika matatu na hata katika baa. Ngũgĩ mwenyewe ameeleza kwamba msomaji wa baa alifika mahali patamu, akanyamaza mpaka glasi yake ijazwe. Naye marehemu Ken Walibora, aliyetutoka mwaka 2020, alikuwa pia msomaji wa habari katika televisheni, mtu aliyejua thamani ya pumzi. Siku Njema yake inaanzia Tanga, si mbali nasi. Kidagaa Kimemwozea ilitahiniwa katika shule za upili nchini kote. Ni shule ngapi zilizomwalika asome, si kujibu maswali ya marudio?

Najua walimu watasema silabasi ni ndefu na vipindi havitoshi. Naikubali hoja hiyo nusu. Nimewaona wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaoweza kutaja dhamira sita za riwaya, lakini ukimwomba mmoja asome ukurasa kwa sauti, huusoma kana kwamba ni orodha ya bei. Dakika kumi za kusoma sura moja kwa sauti, kabla ya uchambuzi wowote, hazitaangusha mtihani wa mtu. Na pale alipo mwandishi aliye hai, nauli yake ni ndogo kuliko gharama ya miongozo tunayowanunulisha wazazi.

Kitabu kile nilikiacha Wasini. Bibi alimpa binamu yangu wa darasa la sita amsomee sura zilizosalia. Nilipopiga simu baada ya majuma matatu niliambiwa bado wako sura ya nne. Walikuwa wameirudia mara mbili, kwa kuwa majirani walichelewa kufika.