Hamu ni kitu kimoja, mwili kusisimka ni kingine

Ukishuka matatu Kayole au Umoja jioni, hukosi kumwona muuza mukombero na fungu lake la mizizi, akiwasifia waume na wake. Duka la dawa la jirani lina vidonge vya sildenafil, ambavyo watu huviulizia kwa sauti ya chini. Wanunuzi wengi wa hapa na pale wanadhani hamu na msisimko ni kitu kimoja.

Hamu ni kutaka, na iko kichwani. Msisimko ni kazi ya damu. Kwa mwanamume hujaa uumeni ukasimama. Kwa mwanamke hujaa kwenye kinembe na kuta za uke, uke ukatoa majimaji. Kimoja chaweza kuja bila mwenzake. Mwanamume huamka alfajiri uume umesimama naye hana haja na mtu. Mwanamke aweza kulowa bila kutaka lolote, na kwa hiyo mwili kuitika si ridhaa. Aweza pia kumtaka mumewe kwelikweli akabaki mkavu, hasa akinyonyesha au akishakoma hedhi, kwa kuwa homoni ya estrojeni imeshuka.

Sildenafil ilianza kama dawa ya moyo iliyokuwa ikijaribiwa na kampuni ya Pfizer. Mwaka 1998 Marekani ikaiidhinisha kwa uume usiosimama. Inalegeza mishipa ya damu, basi. Haileti hamu. Tena anayetumia dawa za moyo aina ya naitreti akiimeza, presha yaweza kushuka ghafla hata ikamuua.

Jamaa mmoja jirani yetu alivimeza miezi kadhaa kimyakimya. Mkewe akaamini kuna mwanamke mwingine. Alipopimwa, alikuwa na kisukari. Sukari na presha huharibu mishipa midogo ya uume mapema, mara nyingi kabla ya moyo kulalamika, na kidonge cha kununua kimyakimya huificha dalili hiyo.

Mwaka 2000, daktari Rosemary Basson wa Canada aliandika jambo ambalo makungwi wetu wa Pwani wangecheka kwa kuchelewa kwake: wanawake wengi, hasa katika ndoa ya miaka mingi, hawaanzi na hamu. Huanza na utulivu, maneno mazuri, kuguswa. Mwili ukiitika, hamu hufuata. Mume asiyejua hili humwita mkewe baridi. Wapo wanaume wa namna hiyo pia, ila hawasemi.

Sasa utulivu huo Eastlands unapatikana wapi? Mitaa mingi ya mwanzo ilijengwa enzi za ukoloni kwa wanaume waliotarajiwa kuacha wake zao kijijini. Leo chumba kimoja kina baba, mama, na watoto nyuma ya pazia. Mke anasikiliza kama mdogo amelala, mume anahesabu kodi ya nyumba. Wasiwasi hukaza mishipa na kuzima hamu, kwa wote wawili. Mzizi wa mukombero utalifanya nini pazia?

Jirani yetu sasa anatumia dawa ya kisukari, na Jumamosi watoto hulala kwa shangazi yao. Mukombero hajauacha. Anasema anaupendea ladha tu.