Fahamu: Bastola za kale kwenye filamu hutambuliwaje?

Oktoba 2021, mpiga picha mkuu Halyna Hutchins aliuawa kwa risasi huko New Mexico, Marekani, wakati wa maandalizi ya filamu ya Rust. Bastola iliyohusika ilifanana na Colt ya karne ya 19, lakini ilikuwa nakala ya kisasa ya kampuni ya Pietta ya Italia.

Tazama inavyopakiwa
Bunduki ya gumegume hubana jiwe kwenye nyundo. Colt ya 1851 hushindiliwa baruti na risasi mbele ya silinda, na fataki huvikwa nyuma. Chini ya mtutu ina wenzo wa kushindilia. Colt ya 1873 haina wenzo huo: risasi kamili huingizwa moja moja kupitia kijilango cha upande wa kulia.

Linganisha na miaka ya hadithi
Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani viliisha 1865, hivyo Colt ya 1873 haina nafasi humo. Katika filamu ya Stagecoach (1939), mwigizaji John Wayne ana bunduki ya Winchester ya 1892, ilhali Geronimo, kiongozi wa Waapache anayehofiwa kwenye hadithi hiyo, alijisalimisha 1886.

Soma mihuri
Nakala za Italia hugongwa mihuri ya ukaguzi, pamoja na herufi zinazoonyesha mwaka.

Je, nakala ni salama?
Si lazima. Zipo za mpira zisizofyatua chochote, lakini nakala ya chuma inaweza kufyatua risasi halisi. Ndiyo maana kila silaha inapaswa kukaguliwa kabla ya kukabidhiwa mwigizaji.