Chujio la Barua Taka Linahitaji Mwalimu

Ndugu msomaji, mpishi wa wali hatii mchele chunguni kabla hajaupepeta na kuuchagua. Huondoa pumba, chuya na mawe, lakini huangalia sana asije akamwaga na mchele wenyewe. Kazi hiyohiyo yatupasa kuifanya katika barua pepe zetu. Kila asubuhi tukifungua kompyuta twakuta barua za watu tusiowajua: huyu atupongeza kwa kushinda bahati nasibu tusiyoicheza, yule atutangazia urithi wa marehemu tusiyemfahamu. Hizo ndizo barua taka. Juma hili tutaeleza namna ya kuweka chujio la kuzizuia katika Thunderbird, programu ya barua pepe inayotolewa bure kwa ajili ya kompyuta za mezani.

CHANZO CHAKE

Taka hizi si jambo la jana. Tarehe 3 Mei 1978, huko Marekani, ofisa wa masoko aitwaye Gary Thuerk aliwapelekea watu karibu 400 tangazo la kompyuta za kampuni yake kwa njia ya mtandao wa ARPANET. Hawakuwa wameliomba, na wengi walikasirika. Hata hivyo, mlango ulikwisha funguliwa, na kila aliyekuwa na bidhaa au hila aliona kwamba kuwaandikia watu elfu ni rahisi sawa na kumwandikia mmoja.

Mwaka 2002 mtaalamu wa programu, Paul Graham, aliandika makala iliyoeneza sana njia ya kupambana nazo kwa hesabu. Msingi wa hesabu hiyo ulitoka kwa Thomas Bayes, kasisi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1761. Chujio huhesabu maneno yanayopatikana zaidi katika taka, na yale yanayopatikana zaidi katika barua njema. Barua mpya ikifika, hulinganisha maneno yake na hesabu hizo, kisha hukata shauri. Chujio la Thunderbird hufanya kazi kwa njia hiyo.

Hapa pana faida kwetu sisi. Chujio la namna hii halikuzaliwa na lugha. Hujifunza lugha ya mwenye nyumba. Ukilionyesha barua za Kiswahili, litajua kwamba kwako neno “mkutano” au “karo” ni la barua njema, na “umeshinda” ni la kutiliwa shaka.

HATUA ZA KUFUATA

Kwanza, katika orodha iliyo upande wa kushoto, bofya jina la akaunti yako kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kisha fungua mipangilio yake. Tafuta mahali palipoandikwa Junk, yaani taka. Hapo tia alama kwenye kisanduku kinachoruhusu chujio kufanya kazi. Ukiwa na akaunti mbili, fanya hivyo kwa kila moja.

Pili, hapohapo utaona vitabu vya anwani. Ukitia alama kwenye kitabu chako, barua za watu waliomo hazitatupwa takani. Basi andika humo anwani za jamaa, za shule ya watoto na za ofisi unazoshughulika nazo. Ila usiandike anwani yako mwenyewe, kwa kuwa walaghai huweza kughushi barua ionekane umejiandikia wewe.

Tatu, agiza taka zipelekwe kwenye folda ya Junk. Kisanduku cha kufuta taka zenyewe baada ya siku 14 kiache kitupu kwa miezi ya mwanzo. Sababu yake utaiona hapa chini.

Nne, anza kufundisha. Barua ikiwa ni taka, ichague na ubonyeze herufi J. Usiijibu kamwe, maana jibu lako humjulisha mlaghai kwamba anwani hiyo ina mwenyewe. Barua njema ikiwa imetupwa kwa makosa, shika kitufe cha Shift ubonyeze J, nayo itahesabiwa kuwa njema. Fanya hivyo hata kwa baadhi ya barua njema zilizomo kikashani, ili chujio lijue pande zote mbili.

KOSA LANGU

Nayasema haya kwa kuwa yalinifika. Miaka michache iliyopita niliomba nafasi ya masomo ya stashahada. Wakati huo nilikuwa nikibonyeza J kwa hasira kila siku, wala sikuwahi kulionyesha chujio barua njema hata moja. Nikakaa nikingoja jibu, nikikilaumu chuo moyoni. Siku moja, nikitafuta risiti ya fundi, nilifungua folda ya taka. Barua ya chuo ilikuwamo, ina siku 12, nayo ilinitaka nithibitishe nafasi yangu ndani ya siku 10. Nilipopiga simu, nafasi yangu alikwisha pewa mwingine. Ningalikuwa nimeweka alama ya kufuta baada ya siku 14, ningalichelewa siku mbili tu zaidi nisijue hata kwamba niliitwa.

Mimi niliyefunzwa ualimu nilipaswa kuelewa. Mwanafunzi anayeonyeshwa makosa tu, asionyeshwe lililo sahihi, mwishowe huona kila kitu ni kosa. Tena mwalimu asiyesahihisha madaftari hana haki ya kumlaumu mwanafunzi.

Kwa hiyo, kagua folda ya taka kila siku mwezi wa kwanza, na baadaye walau mara moja kwa juma. Kumbuka pia kwamba kampuni inayokuhifadhia barua huwa na chujio lake. Akaunti iliyopangwa kwa njia ya POP huleta kwenye kompyuta barua za kikasha tu. Zilizozuiwa kule hubaki kulekule. Ingia katika tovuti yao mara kwa mara ukazitazame, hasa unapongoja jibu la kazi, la masomo au la matibabu.

Chujio lililofundishwa vema litakupunguzia kazi kubwa. Lakini jicho la mwisho, ndugu msomaji, na liwe lako.